Mfuko wa saladi ya magugu mjini Arusha: nusu ya bakuli, nusu ya sufuria

“Saladi ya magugu” ndiyo maneno yaliyoandikwa kwa mkono kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya mfuko, na ndani yake mna majani yale yale ambayo wengi wetu tunayang’oa wakati wa palizi na kuyatupa kando ya tuta. Wanaouza ni wakulima wadogo wa mboga wa upande wa Tengeru, ambao hupokea oda kwa WhatsApp katikati ya wiki na kuzileta majumbani mjini Arusha kwa bodaboda Jumamosi asubuhi. Mfuko una uzito wa gramu 300 hivi, bei yake ni shilingi 4,000, na nauli ya bodaboda hulipwa kando. Sitawataja kwa jina, kwa kuwa biashara yenyewe ni ya kaya mbili tu na kasoro nitakazozieleza zinarekebishika. Isitoshe, sehemu kubwa ya maelezo haya itamfaa pia mtu atakayenunua bidhaa ya namna hii kwingine au atakayeamua kujichumia mwenyewe bustanini.

Nimekuwa mteja wao tangu mvua za masika zilipoanza, na msimu huo una maana katika tathmini hii, kwa sababu gugu la mwezi wa Aprili na gugu lile lile la mwezi wa Agosti ni vitu viwili tofauti mdomoni. Wakati wa mvua majani huwa mapana, laini na yenye maji. Kiangazi mmea huharakisha kutoa maua na mbegu, jani hukakamaa na uchungu huongezeka. Anayeionja saladi hii kwa mara ya kwanza mwezi wa Agosti ana haki ya kuichukia.

Ndani ya mfuko kwa kawaida mna aina saba za majani: tako la Hasani, kishona nguo, mchunga, kongwa, mnavu, mgagani, na gugu moja dogo la nyanda za juu ambalo wauzaji wenyewe huliita tu “kale ka maua meupe”. Hilo la mwisho ni Galinsoga parviflora, lenye asili ya Amerika ya Kusini, na kila aliyewahi kupalilia maharage katika miteremko ya Meru au Usambara analifahamu: maua yake ni madogo kama kichwa cha kiberiti, yana kitovu cha njano na petali tano nyeupe zilizo mbalimbali. Aina zote saba zinaliwa, na hakuna ugomvi juu ya hilo. Ugomvi wangu na wauzaji ni kwamba zote zimewekwa pamoja chini ya neno moja la saladi, ilhali ni sehemu tu ya majani hayo inayostahili kuliwa mbichi, na mawili kati yake hayapaswi kuingia katika bakuli la saladi hata kidogo.

Nianze na lililo bora. Tako la Hasani, ambalo wataalamu huliita Portulaca oleracea, peke yake linatosha kuhalalisha bei ya mfuko. Ni mmea unaotambaa, wenye shina la mviringo lenye rangi ya hudhurungi iliyochanganyika na wekundu, na vijani vinene vilivyo mviringo kuelekea ncha, ambavyo ukivibonyeza kwa kucha vinatoa maji safi yasiyo na rangi. Mbichi, lina ukakasi mwembamba wa ndimu, linavunjika mdomoni kama tango changa, na mwishoni huacha ute kidogo ambao mtu aliyekulia kwenye mlenda hatausumbukia. Walebanoni na Wasyria hulichanganya katika fattoush, ile saladi yao ya mboga na vipande vya mkate mkavu. Waturuki hulila kwa mtindi na kitunguu saumu. Wameksiko hulipika na nyama ya nguruwe kwenye mchuzi wa nyanya za kijani. Sisi tunalikanyaga katikati ya mahindi.

Lina jambo jingine la ajabu ambalo wauzaji wangeweza kulitumia kwa faida yao. Mmea huu, hasa unapopungukiwa maji, hupokea hewa ya kabonidioksidi usiku na kuihifadhi ndani ya majani katika umbo la asidi ya maliki, asidi ile ile inayolipa tufaha ukali wake, kisha huitumia mchana jua linapowaka. Matokeo yake ni kwamba lililochumwa alfajiri huwa kali zaidi ulimini kuliko lililochumwa alasiri kutoka kwenye tuta hilo hilo. Wauzaji wangu huchuma Ijumaa jioni ili bodaboda aondoke mapema Jumamosi, na ndiyo maana lao huwa limepoa. Nililinganisha na lile linaloota kando ya bomba la nyumbani kwangu, nikalichuma kabla ya jua kutoka, na tofauti haikuhitaji ulimi wa kitaalamu. Kama wangeweza kuandika kwenye karatasi yao saa ya kuchuma, wangekuwa wameuza habari yenye maana kuliko lile neno “organiki” waliloliandika kwa herufi kubwa bila maelezo.

Kwa upande wa lishe, tako la Hasani linasifika kwa kuwa na mafuta ya omega-3 ya aina ya alfa-linoleniki kwa kiwango ambacho si cha kawaida katika mboga za majani. Lina pia asidi ya oksaliki kwa wingi, na hapa ninawashauri wenye historia ya mawe kwenye figo wasilifanye chakula cha kila siku. Wale Waturuki wenye mtindi wao walikuwa wameelekea mahali pema: kalsiamu iliyomo katika maziwa hushikana na asidi hiyo tumboni na kupunguza kiasi kinachoingia mwilini. Kijiko kikubwa cha mtindi mzito juu ya saladi hii, kwa hiyo, kina kazi mbili, na ile ya ladha ndiyo utakayoisikia kwanza.

Galinsoga ndilo jani la pili ninalolipenda katika mfuko huu. Lina manyoya laini ambayo humfanya mtu asite mwanzoni, lakini ukilikata nyembamba na kulitia ndimu dakika chache kabla ya kula, manyoya hayo hayasikiki tena. Ladha yake ni ya upole, yenye harufu inayokaribia ile ya moyo wa atichoki kwa waliowahi kuionja, na kwa wasiowahi, ni kitu kilicho kati ya majani ya maboga machanga na nyasi iliyokatwa sasa hivi. Bogotá, nchini Kolombia, hulikausha na kulitia kwenye ajiaco, supu ya kuku na viazi, na supu hiyo bila jani hilo haihesabiwi kuwa imekamilika. Katika mfuko wetu lina kazi ya kupooza majani makali, na ningependa liongezwe mara mbili.

Mchunga ni suala la watu na watu. Waliokulia Tanga, Pangani au Unguja hawahitaji kutambulishwa kwake: huchemshwa, maji ya kwanza humwagwa, kisha hurudishwa jikoni na tui la nazi, na uchungu unaobaki ndio unaomfanya mlaji arudie. Mbichi ni habari nyingine. Mchunga ni wa ukoo mmoja na letasi, na ukilivunja jani lake utaona maziwa meupe yanayotoka, ambamo uchungu huo umo. Majani ya chini yaliyokomaa hayafai kwa saladi, lakini vile vijani vya katikati vyenye urefu usiozidi kidole, vikikatwa nyembamba sana, vikalowekwa kwenye maji ya chumvi na kukamuliwa, hulipa bakuli uti wa mgongo ambao tako la Hasani peke yake halina. Katika mifuko niliyopokea, vijani vya aina hiyo vilikuwa vichache, na majani makubwa yaliyojaa uchungu yalikuwa mengi. Nilifanya kama wafanyavyo watu wa pwani: nilichambua machanga kwa ajili ya bakuli, mengine nikayapeleka kwenye tui.

Kishona nguo, ambacho tunakijua zaidi kwa mbegu zake nyeusi zenye meno zinazong’ang’ania suruali na gauni, kina harufu kali ya utomvu inayojaza mdomo wote. Vilele vyake viwili vitatu vya juu, kabla mmea haujatoa ua, vinaweza kuliwa vibichi kwa kiasi ambacho mtu hutumia giligilani. Zaidi ya hapo, saladi nzima hunuka kama dawa. Wauzaji huweka konzi nzima. Mara moja nilikuta katika mfuko shina lenye mbegu tayari, jambo ambalo kwa saladi ni kosa la wazi, kwa sababu mbegu hizo zina miiba midogo inayoweza kukwama kooni. Kongwa, lenye ua la buluu lililochomoza kwenye kikombe cha kijani, halina ubaya wala uzuri: ni laini, lina ute, na linajaza mfuko. Sungura wangu walilipenda kuliko mimi.

Sasa nifike kwenye mnavu na mgagani, kwa sababu hapa ndipo tathmini hii inapokuwa kali. Mboga hizi mbili nazila, nimezila tangu utotoni, na nitaendelea kuzila. Mnavu ni wa jamii moja na bilinganya na viazi mviringo, na kama ndugu zake hao unaweza kuwa na solanini, sumu ya asili ya mimea hiyo, na viini vingine vya aina hiyo, hasa katika vitunda vyake vibichi vya kijani, na kwa viwango tofauti kutoka aina moja hadi nyingine na kutoka jani changa hadi jani lililokomaa. Bibi zetu hawakuwa na maabara, lakini walijua kuuchemsha na kumwaga maji, na njia hiyo ina maana kwa kuwa moto peke yake hauviharibu sana viini hivyo, bali maji ndiyo yanayoviondoa. Mgagani nao, ambao jirani zetu wa Kenya huuita saga, chinsaga au dek kulingana na kabila, ni mchungu wa asili, na kwa Wakisii na Waluo huchemshwa kwa muda mrefu na mara nyingi hulazwa katika maziwa hadi siku ya pili ili uchungu ulegee. Hakuna jamii ninayoifahamu katika eneo letu inayoiweka mboga hiyo mbichi mezani kama chakula cha kawaida, na ninapoona desturi iliyodumu hivyo katika makabila mbalimbali, huwa ninaiheshimu.

Niliwaandikia wauzaji juu ya jambo hilo. Binti anayepokea oda alinijibu kwa ujumbe wa sauti, kwa adabu zote: “Shikamoo mama. Mnavu sisi mbona tunautafuna shambani mbichi, mradi uwe mchanga? Lakini kama hupendi, tutakuwekea kingine.” Nilimwitikia marahaba na nikamshukuru kwa kuwa tayari kubadilisha, na kweli mfuko uliofuata haukuwa na mnavu. Hata hivyo, jibu hilo halimalizi tatizo. Mtu mzima kutafuna kijani kimoja akiwa shambani ni tofauti na kula bakuli zima la mnavu mbichi usiku, na mteja ambaye hakuuliza ataendelea kuletewa ule mfuko wa awali. Suluhisho ni rahisi: waugawe mfuko mara mbili, mmoja wa bakuli na mmoja wa sufuria, na karatasi ya maelezo iseme ni jani gani linakwenda wapi. Sina shaka kwamba wateja wengi wangenunua yote miwili.

Jambo la usalama halikomei kwenye mnavu. Anayeuza majani yanayoota yenyewe anauza pamoja nayo uwezo wake wa kutofautisha, na huo ndio ujuzi hasa ninaoulipia. Karibu na tako la Hasani, tena mara nyingi likiwa limesukana nalo, huota lile kundi la mimea midogo inayotambaa ya jamii ya mziwaziwa, ambayo kwa mbali inafanana nalo kwa wekundu wa shina na mpangilio wa vijani. Namna ya kuitambua ni kuvunja shina: mziwaziwa hutoa maziwa meupe, na tako la Hasani halitoi kamwe. Msomaji atakumbuka kwamba mchunga pia hutoa maziwa na bado unaliwa. Kwa hiyo kipimo hicho kinatumika kwa jani hili moja tu, na anayekigeuza kuwa kanuni ya kila gugu atajidanganya. Nilivunja mashina ya mifuko yangu moja baada ya jingine, na ninafurahi kusema kwamba sikukuta mziwaziwa hata mmoja.

Hatari kubwa zaidi katika bustani za nyanda za juu ni mnanaha, ule mmea wenye ua jeupe la mfano wa tarumbeta na tunda lenye miiba, ambao huota sana mahali penye samadi. Mmea uliokomaa hauwezi kumkanganya mtu. Mche wake wenye majani manne ndio unaoweza kuingia kwenye konzi la mchumaji mwenye haraka. Mwaka 2019 huko Karamoja, nchini Uganda, mamia ya watu waliugua na baadhi wakafariki baada ya kula unga lishe wa msaada uliokuwa umechanganyika na mbegu za mmea huo, na sumu iliyopatikana ilikuwa ya kundi la tropeni, ambayo hukausha kinywa, hutanua mboni za macho na kumfanya mtu aweweseke. Nimetaja tukio hilo ili wauzaji wa mifuko ya namna hii waone kwa nini ninawasumbua kwa kuwauliza nani anachuma, anachuma wapi, na kama kuna mtu wa pili anayekagua. Jibu lao lilikuwa kwamba huchuma mama mwenye shamba mwenyewe na mkwewe, na kwamba vibarua hawaruhusiwi. Kwangu hilo ni jibu zuri kuliko cheti.

Swali jingine ambalo kila mnunuzi anapaswa kuliuliza ni la dawa. Gugu ni kitu ambacho mkulima wa jirani analipa fedha ili likauke, na viuagugu vinapatikana katika kila duka la pembejeo. Jani lililopigwa dawa halinyauki papo hapo. Linaweza kuonekana zima kwa siku kadhaa. Wauzaji hawa wanasema shamba lao halipigwi dawa, nami sina sababu ya kuwashuku, lakini kwa anayejichumia mwenyewe ningesema aache kabisa kingo za mashamba ya watu, kando ya barabara, na mabonde yanayomwagiliwa kwa maji ya mito iliyopita katikati ya mji.

Kuhusu usafi, mfuko umeandikwa kwamba majani “yameoshwa”. Yameoshwa kweli, lakini si kwa kiwango cha kuliwa yakiwa mabichi. Udongo wa huku ni wa volkeno, mweusi na mwepesi, na chembe zake hujificha kwenye makwapa ya majani ya tako la Hasani kwa namna ambayo suuza moja haizitoi. Unazisikia kwenye meno. Mimi huyaloweka kwenye beseni pana, nikayainua kwa mikono badala ya kumwaga maji juu yake, kwani ukimwaga, mchanga uliotuama unarudi juu ya majani, kisha narudia kwa maji mengine hadi chini ya beseni pasionekane kitu. Maji ya mwisho huwa ni ya kuchemshwa yaliyopoa, kwa sababu kinacholiwa kibichi hakina moto wa kukiokoa na minyoo wala vijidudu vya tumbo. Baada ya hapo huyafunga kwenye kitambaa safi cha pamba na kuyakung’uta nje mlangoni. Majani yaliyobaki na maji hayashiki kiungo, na hapo saladi yoyote inaharibika, iwe ya magugu au ya letasi ya dukani.

Ufungaji nao una dosari inayotokana na jambo hilo hilo. Majani hufungwa yakiwa bado na unyevunyevu, kwenye mfuko usio na matundu, na kufikia saa nne asubuhi mgagani huwa umeanza kunuka na kongwa limeteleza. Kuyafunga kwa jani la mgomba, kama wafanyavyo mama wa sokoni, kungepunguza tatizo bila kuongeza gharama. Tako la Hasani ndilo pekee linalovumilia yote haya. Lilikaa kwenye jokofu langu kutoka Jumamosi hadi katikati ya wiki likiwa bado linavunjika vizuri.

Pamoja na mfuko huja kichupa cha kiungo cha saladi, na kwa hakika hiki ndicho kitu dhaifu kuliko vyote. Ni mchanganyiko wa mafuta ya zeituni, siki na asali, uliofaa labda kwa letasi isiyo na ladha yake mwenyewe. Juu ya mchunga, asali haiondoi uchungu. Inaufanya uwe uchungu wenye sukari. Majani yenye tabia kali yanahitaji kitu kizito na chenye mafuta mengi kinachoufunika ulimi, na vitu hivyo tunavyo tele. Nilijaribu karanga zilizokaangwa na kusagwa, zikalegezwa kwa ndimu na maji kidogo ya moto, chumvi na pilipili mbuzi iliyokatwa nyembamba, na bakuli likabadilika kabisa: uchungu wa mchunga ulikaa nyuma ya karanga, na ukali wa tako la Hasani ukatokeza mbele. Parachichi lililopondwa linafanya kazi hiyo hiyo kwa upole zaidi. Nazi iliyokunwa, isiyokamuliwa, pamoja na kitunguu maji na ndimu, ilinipa kitu kinachokaribiana na ile sambol ya majani ya gotukola wanayokula watu wa Sri Lanka, na kwa samaki wa kukaanga sijui kama nitarudi tena kwenye kachumbari ya kabichi.

Nyanya na kitunguu, ambavyo mkono wetu hukimbilia wenyewe kila likitajwa neno kachumbari, nilivitumia kwa kiasi. Tako la Hasani na nyanya vyote vina ukali, na bakuli hugeuka kuwa kali tupu. Kitunguu ni afadhali kioshwe kwa chumvi kwanza. Embe bichi ningelipendekeza kwa mfuko wa kiangazi tu, wakati Galinsoga inapokuwa nyingi kuliko tako la Hasani.

Tuzungumze bei. Shilingi 4,000 kwa gramu 300 za kitu kinachoota bila kupandwa zitawachekesha wengi, na mume wangu alicheka. Sokoni Tengeru, siku ya Jumatano au Jumamosi, fungu kubwa la mnavu au mgagani hupatikana kwa sehemu ndogo sana ya fedha hiyo, na mchunga pia kwa msimu. Kitu usichokipata sokoni kwa urahisi ni tako la Hasani na Galinsoga, kwa sababu hakuna anayeamini kwamba vinauzika, na ndivyo hasa vinavyofaa kuliwa vibichi. Kwa maneno mengine, wauzaji hawa wanakutoza bei ya majani adimu kisha wanaujaza mfuko kwa majani ya kawaida. Kama mfuko ungekuwa na nusu tako la Hasani, robo Galinsoga, na robo iliyobaki iwe vijani vya mchunga na vilele vichache vya kishona nguo, ningelipa bei hiyo bila kunung’unika, tena ningewashawishi majirani.

Mji wenyewe unastahili huduma ya namna hii. Arusha ndiyo yenye ofisi ya kanda ya World Vegetable Center, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga, pale Duluti, ambako kwa miaka mingi mnavu, mchicha na mboga nyingine za asili zimechukuliwa kutoka hadhi ya gugu hadi hadhi ya mbegu iliyochaguliwa na kuuzwa kwenye pakiti. Mnavu uliopita katika njia hiyo una majani mapana na ya kupendeza, na ukishapikwa hauna mfano. Bakuli la mboga mbichi limesahauliwa katika safari hiyo. Mboga zilizopandishwa daraja zote ni za sufuria. Wauzaji hawa wa Tengeru wamegusa pengo halisi, hata kama hawajui vizuri ni jani lipi linaloliziba.

Huduma yao kwa mteja haina lawama. Hujibu ujumbe siku hiyo hiyo, bodaboda wao anafahamu njia, na pale mfuko mmoja ulipofika ukiwa umeharibika walileta mwingine bila kudai picha wala ushahidi. Lugha yao ni ya adabu, na hawakukasirika kwa maswali yangu ya kiusumbufu. Kwa wajawazito, kwa watoto wadogo, na kwa wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, ambao wameambiwa na daktari waangalie kiasi cha mboga za majani wanachokula, ningependa karatasi ya mfukoni iseme neno. Kwa sasa haisemi lolote.

Ninawapa alama sita kati ya kumi kwa mfuko kama ulivyo, na nane kwa tako la Hasani likiwa peke yake. Anayetaka kuagiza wiki hii aombe kwa ujumbe mambo matatu: mnavu na mgagani vifungwe kando, kichupa cha kiungo kiachwe na bei ipunguzwe, na kuchuma kufanyike Jumamosi alfajiri hata kama bodaboda atachelewa saa moja. Ombi la kwanza wamelikubali kwangu mara zote, la pili walilikubali baada ya mazungumzo, na la tatu wanasema watalijaribu mvua zikikatika, njia ya shambani ikikauka.